Kiti cha Baba wa Abbo

Jumamosi ya kuja wakwe, Othieno aliamka mapema akaanza kukaza miguu ya viti alivyoazima kanisani. Viti vya kanisa la Sop Sop hulegea kila mwaka, maana waumini wetu wanapenda kuvikalia kuliko kuvitengeneza. Alikuwa amebakiza vichache pale kaka yake Ochwo alipoingia uani kumwambia kwamba ukoo umekaa na umeamua. Kwenye kiti cha baba wa Abbo, bibi harusi, atakaa yule mwingine.

Yule mwingine alikuwa kilabuni kwa Dorah, mahali alipokuwa kwa miaka kumi na mmoja. Siku Othieno alipoacha pombe, aliinuka kwenye benchi, akaaga, akashika njia ya nyumbani. Alipogeuka aliona kwamba yule anayekunywa hakuinuka naye. Alibaki palepale, uso uleule na shati lilelile, akinyonya malwa, pombe ya ulezi, kwa mrija wake mrefu pamoja na wenzake waliouzunguka mtungi. Dorah aliongeza maji moto mtunguni kama kawaida, akamuuliza kama atakula samaki.

Tangu hapo kijiji kilikuwa na Othieno wawili, na kilimpenda mmoja. Yule wa kilabuni alijua nyimbo za misiba yote na hakumnyima mtu mrija wake. Huyu wa nyumbani alikunywa chai. Kila Jumatano alikwenda Tororo mjini, akaketi nyuma ya kanisa na watu wengine walioacha, wakafundishana kusema ukweli bila kupandisha sauti. Watu walimwita Paroko, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Matangani walimpa kiti karibu na choo, na akifika walianza kuzungumza habari za mvua. Mkewe Patience alikufa mwaka mmoja kabla mumewe hajaacha. Hakumwona akiwa mkavu, bila pombe, hata siku moja, na hilo halina dawa.

Ochwo alitoa sababu za ukoo bila aibu. Wakwe walikuwa Wasamia wa Majanji, wauza samaki. Bwire, baba wa bwana harusi, alizoea kupita kwa Dorah siku za soko, na habari zote za mahari walizimaliza palepale, yeye na yule mwingine, wakinyonya mtungi mmoja. Kwa Bwire, baba wa Abbo ni yule. Tena malwa ya wakwe sharti inywewe na baba, la sivyo ndoa haijafungwa. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Huku kwetu malwa ni nzito kuliko vyote viwili.

"Kiti ni yako," Ochwo alisema. "Wewe shika mrija tu. Ukivuta mara moja, ule atarudi ndani yako, tutabaki na Othieno moja. Sisi nachoka na wawili."

"Na nisiposhika?"

"Basi utasaidia wanawake na maji moto."

Othieno aliweka nyundo chini. Alimchukia kaka yake wakati ule, akamchukia kwa moyo wote. Kule Tororo walikuwa wamemfundisha kuikiri chuki kabla haijamfikisha kilabuni, kwa hiyo akaikiri kimoyomoyo. Haikupungua. Akamuuliza Ochwo kama anakumbuka siku ile yeye Othieno alipolipiga teke birika la maji moto ya malwa likammwagikia Abbo akiwa mtoto mdogo. Ukoo ulikaa siku ile pia, ukasema si Othieno, ni pombe. Sasa pombe ina miguu yake na benchi lake. Mbona hakuna aliyekwenda kwa Dorah kuiuliza?

Ochwo alimwambia asiharibu siku ya mtoto.

Abbo alikuwa mlangoni akisikia yote. Kovu lake lilianzia kwenye kiwiko likashuka mpaka kiganjani, na ngozi ya hapo ilikuwa imejikunja. Alipoacha pombe, Othieno alimpigia magoti binti yake akamwambia kwamba pombe haina mguu, mguu ulikuwa wake. Ulipita mwaka mzima ndipo Abbo akaanza tena kumwita Baba.

"Mimi nataka wewe ndo ukae," Abbo alisema. "Lakini usikunywe."

Hayo mawili hayakuweza kupatikana pamoja, na wote watatu walilijua hilo.

Wakwe walifika mchana. Yule mwingine aliletwa kwa bodaboda, amenyolewa, anameza mate. Bwire alimkumbatia akamvisha kanzu ya baba mkwe, nayo ilimkaa sawasawa, kwa sababu Abbo alikuwa amepeleka vipimo vya Othieno. Mtungi ukawekwa katikati ya uwanja, mirija ikaingia. Othieno akatoka jikoni na birika.

Yeye na yule mwingine walitazamana kwa mara ya kwanza tangu siku alipoacha. Yule alikuwa na meno machache zaidi na macho ya njano, lakini mrija aliokuwa nao ulikuwa ule ambao Patience aliufunga uzi mwekundu, usichanganyike na ya wengine. Akamnyooshea Othieno mrija huo. Ochwo akasogea kidogo ili nafasi ipatikane. Mate yalimjaa Othieno mdomoni. Aliutaka ule mrija. Alikitaka na kile kiti, akaona jinsi vilivyokuwa karibu. Akalishika birika kwa mikono yote miwili, akamimina maji taratibu mpaka povu likapanda, akarudi nyuma hatua moja.

Ndipo Abbo alipoletwa kuwasalimu wazee. Alipopiga magoti mbele ya yule mwenye kanzu na kunyoosha mkono, kovu likajitokeza lote chini ya mkono mfupi wa gomesi, vazi lake la sherehe. Yule mwingine aliliangalia kovu, na machozi yakamtoka.

"Mwanangu," alisema, "nani nakuchoma hivi?"

Wageni waliguswa sana. Mwanamke mmoja wa Majanji alifuta macho. Abbo aliangalia mkeka.

"Ni mimi," Othieno alisema.

Bwire aligeuka akauliza huyu ni nani. Ochwo alijibu kwamba ni mtu wa kusaidia maji.

"Mtu nachoma mtoto," Bwire alisema, "na ninyi namupatia birika?"

Wote waliona mkwe amesema la maana. Birika lilichukuliwa mikononi mwa Othieno, naye akaambiwa abaki jikoni na asimkaribie bibi harusi na kitu chochote cha moto. Nyuma yake watu walimsifu baba wa Abbo kwa uchungu alio nao kwa mwanawe, wakamsogezea kiti vizuri.

Alikaa kwenye kigogo kando ya mafiga. Hasira ilimwaka, lakini hakunywa. Uwanjani waliimba. Baadaye Abbo aliingia na birika tupu.

"Baba," alisema, "wanasema maji yamepoa."

Othieno alichochea moto. Walikaa pamoja wakisubiri, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Maji yalipochemka alinyoosha mkono kulichukua birika, kisha akakumbuka amri, akaurudisha. Abbo aliukunja upindo wa gomesi lake kwenye mpini. Akalishika birika mbali na mwili, kama alivyolishika kila birika tangu utotoni, akatoka kumpelekea yule mwenye kanzu.