Spika za Mfaume na Mto wa Bi Mastura

Tangu amalize shule kule Lindi na kurudi kijijini Tingi, Mfaume alikuwa na kazi moja tu: kukwepa jembe. Na usimsingizie uvivu. Kutwa nzima alijikunyata nyuma ya jiko la shangazi yake, Bi Mastura, anaunganisha nyaya kwa msumari uliopashwa moto kwenye makaa, jasho linamchuruzika mpaka kwenye nyusi. Lakini machoni pa Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abdulrahmani, mtu asiyeshika jembe ni kupe, na kijiji cha ujamaa hakina pa kumfugia kupe.

"Mfaume!" akamwita siku moja mbele ya duka la ushirika. "Harusi ya binti yangu ikiisha tu, Jumatatu asubuhi, lori linapeleka vijana wasio na kazi kufyeka shamba jipya la mikorosho. Huko mnakaa mpaka mvua zinyeshe."

"Shikamoo, mzee. Mimi kazi ninayo."

"Marahaba. Kazi gani?"

"Natengeneza spika."

Mzee akamtazama kama anavyotazamwa mbuzi aliyesema neno.

Lakini bwana, hapo Mfaume alijua anapiga wapi. Salumu, baharia, mtoto wa huyo Mwenyekiti, alileta gramafoni ya betri, ile ya kisasa yenye spika mbili pembeni. Siku ya kushuka ngalawani Kilwa Masoko, Salumu akajifanya bingwa, akabeba vyote kwa safari moja. Gramafoni ikafika nchi kavu. Spika zote mbili zikaenda kuwaburudisha kaa. Na sasa Mwahija, binti wa mzee, anaolewa, gramafoni ipo, sahani za santuri zipo, sauti haipo.

Mzee akakuna ndevu. "Haya. Zikiimba kwenye harusi ya Mwahija, wewe ndiye fundi wa muziki wa klabu ya kijiji, na jembe sikupi. Zisipoimba, unapanda lori wa kwanza."

"Nitakuwekea nafasi nzuri, shemeji, juu ya magunia ya unga!" sauti ikatoka juu ya lori lililoegeshwa hapo dukani. Huyo ni Nikodemo, utingo, Mmakonde. Kabila lake na Wamwera wa kina Mfaume ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumtukana Mfaume asubuhi, mchana na jioni, na Mfaume haruhusiwi hata kununa.

Basi kazi ikaanza. Mfaume alitaka makasha madogo, ya kubebwa kwapani, siyo yale makabati ya dansi ya mjini. Fundi redio mmoja wa Lindi alikuwa amempa spika mbili kubwa kiasi cha sahani ya chai, zilizotolewa kwenye redio zilizokufa. Nyingine mbili, ndogo kama kifuniko cha birika, alizichomoa kwenye redio za mkononi ambazo hata mende walikuwa wameshazihama. Kila kasha likapata kubwa yake na ndogo yake. Kubwa ya sauti nene, ndogo ya sauti nyembamba.

"Sasa sauti itajuaje mlango wake?" Nikodemo akauliza. Alikuwa amekuja kuchungulia, eti kakosa kiberiti.

"Unakiona hiki? Kapasita. Huyu ndiye bawabu wa spika ndogo. Nyembamba pita, nene rudi huko. Na hii koili ya waya wa shaba ni bawabu wa spika kubwa, yeye anafanya kinyume chake."

"Kumbe hata sauti zina balozi wa nyumba kumi."

Mbao alizipata za mninga, mabaki ya madawati. Nyufa akaziziba kwa utomvu wa mkorosho. Ikabaki kujaza ndani kitu laini, sauti isije ikawa inagonga kuta kama mlevi aliyefungiwa. Kitu laini kilichokuwa karibu ni mto wa Bi Mastura, umejaa sufi safi ya msimu ule. Shangazi alikuwa ameenda kisimani. Aliporudi akakuta foronya imelala kitandani, imesinyaa kama tumbo la mtu aliyefunga saumu.

"Mfaume! Mto wangu uko wapi?"

"Upo, shangazi. Umepata kazi."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo lilipotokea kosa. Kila spika ina ncha mbili za kufungia waya, moja ya chanya, moja ya hasi. Mfaume alisoma chuo cha Kurani kwa maalimu kabla hajasoma fizikia, na maalimu alimkaanga kwa bakora mpaka likamwingia damuni kwamba jambo la heri huanzwa kwa kulia. Unakula kwa kulia, unaingia msikitini kwa mguu wa kulia. Naye akaona chanya ndiyo heri yenyewe, basi chanya iende kulia. Kasha la kwanza akalifunga nyaya kwa nyuma, kupitia mgongoni. La pili alikuwa ameshalipigilia mbao ya mgongo, na misumari ya kung'oa na kurudisha hana. Akaingiza mkono kwa mbele, kupitia tundu la spika, akafunga chanya kulia. Bismillahi. Hakukumbuka kwamba kulia kwa aliye mbele ni kushoto kwa aliye nyuma.

Ijumaa baada ya sala, watu wakajaa barazani kwa mzee kuzijaribu. Makasha yakawekwa mezani, bega kwa bega kama maharusi. Sahani ikazunguka. Marimba yakalia, tarumbeta ikalia, mwimbaji akalia. Lakini besi, ile sauti nene inayomfanya mtu atikise kiuno bila kuamriwa, haikuwepo. Muziki ulikuwa kama mbu kwenye chupa.

"Besi imeshuka njiani, Kitomanga!" Nikodemo akapiga ukelele. "Inasubiri lori!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mfaume akagusa waya huu, akagusa ule, akapuliza, akasogeza. Wapi! Mzee Abdulrahmani akanyanyuka, akakung'uta kanzu.

"Zitapigwa hivyohivyo harusini, maana nyingine hatuna. Lakini wewe noa panga."

Siku ya harusi, alasiri, wanaume wamekaa barazani kwenye majamvi, wanawake wako uani nyuma ya ukuta wa udongo, na pilau ndiyo inapakuliwa. Mbu wa Mfaume anaimba. Hakuna anayecheza isipokuwa kichaa mmoja na watoto wachanga waliobebwa. Mfaume kakaa kando ya meza, anahesabika tayari kwenye wale wa lori.

Mara pazia la mlango wa uani likafyatuka, akatoka Bi Mastura, kajifunga kanga kiunoni, mwiko wa pilau mkononi.

"Nyinyi wanaume hamna haya? Sisi tunakula moshi, nyinyi mnakula muziki! Kila harusi hivyohivyo. Leo moja tunaichukua."

"Shangazi, hizi ni pacha! Hazitenganishwi!"

"Nani kasema? Humo ndani mna mto wangu. Nachukua mto wangu, na hilo kasha lake limenifuata."

Akalikumbatia kasha lile la pili, akaondoka nalo. Waya ulikuwa mrefu, Mfaume alikuwa ameuviringisha chini ya meza kwa sababu koleo la kuukatia hakuwa nalo. Ukafunguka, ukamfuata bibi kama mkia, ukapita mlangoni, ukapotea nyuma ya ukuta.

Na hapo, bwana wee!

Besi ikaja. Ilikuja kutoka ndani ya kile kikasha cha kwapani kama mtu mzima aliyekuwa amejificha chini ya kitanda. Vikombe vikatetemeka. Kule uani vigelegele vikapaa mpaka kunguru wakahama mnazi. Bwana harusi, aliyekaa kama sanamu tangu mchana, bega likamruka lenyewe. Mzee Abdulrahmani akavua kilemba, akamkabidhi mtu, akaingia uwanjani.

"Kumbe ulikuwa unatuficha, mwanaharamu wewe!" akamwambia Mfaume huku anazunguka. "Kama moja inanguruma hivi, mbili itakuwaje? Nikodemo! Kaichukue ile ya wanawake!"

Mfaume alikuwa ameinama nyuma ya kasha lake, anatazama nyaya, na akili imeshamfunguka. Kulia huku, kushoto kule! Spika moja ikisukuma, mwenzake anavuta. Zikikaa pamoja zinauana besi. Zikitengana, kila mmoja simba. Kasha lile likirudishwa sasa hivi, mbu anarudi, na lori linarudi.

Nikodemo akaingia uani kifua mbele. Akatoka mbio, machicha ya nazi yamejaa kichwani, kanga ya mtu imemnasa shingoni.

"Mzee," akasema anahema, "mimi ni utingo. Sikuajiriwa jeshini."

Besi ikaendelea mpaka wali ukaisha.

Jumatatu asubuhi lori likaunguruma mbele ya ofisi ya kijiji. Mzee Abdulrahmani alikuwa amepoa, na raha ya harusi imemtoka pamoja na mikunjo ya kanzu.

"Fundi utakuwa," alimwambia Mfaume, "lakini klabu ina chumba kimoja. Lete spika zote mbili, nizisikie mle ndani pamoja. Zikikaa sawa, unabaki. Vinginevyo, ngazi hiyo hapo."

Nikodemo akapigapiga gunia kwa kiganja. "Karibu, shemeji. Nimeshalikung'uta."

Kabla Mfaume hajafungua mdomo, wakatokea wanawake kundi zima, majembe begani, Bi Mastura mbele.

"Spika yetu haiendi klabu," akasema. "Sisi ni ushirika wa akina mama, nusu ya kijiji. Ujamaa si ni kugawana? Tumegawana. Na huyu fundi haendi porini, maana spika ikiugua nani ataitibu? Akipanda lori huyu, leo hatulimi."

Wanawake wote wakashusha majembe chini kwa pamoja. Mzee akayatazama majembe. Akalitazama shamba la kijiji, lile la mhogo, linalolimwa na hao hao.

"Haya, shuka," akamwambia Mfaume, ambaye hata hakuwa amepanda.

"Ashuke aje huku," Bi Mastura akasema. "Tukitoka shamba tunapika kwenye ushirika, kuna nazi za kukuna. Na mto mpya wa kujaza."

Nikodemo akacheka mpaka akajishikilia kwenye bomba la lori. "Mfaume wa mbuzi ya nazi!" Lori likaondoka naye, bado anacheka.

Mchana huo Mfaume alikaa juu ya mbuzi, anakuna nazi, spika ya wanawake inanguruma pembeni yake, ule waya mrefu umevutwa mpaka klabu ya jirani kwenye gramafoni, na spika ya pili inajibu kule. Bisibisi ilikuwa mfukoni. Kugeuza zile nyaya mbili si kazi ya kumaliza hata kikombe cha chai, lakini zikikaa sawa, Mzee atazitaka zote klabu. Akaitoa bisibisi, akaitazama, akaitazama na spika.

Akaitumia kutoboa jicho la nazi, akanywa maji yake.