Vitunguu vya Mwanaidi

Mwaka sabini na nne, Mwanaidi wa Ubiri alimpelekea bintiye Mariamu, shuleni Lushoto, vitunguu sita alivyovichagua kimoja kimoja. Mtoto aliagizwa aoteshe mizizi yake kwa mtihani wa vitendo. Akifeli, kidato cha tano asahau.

Jumamosi alipokwenda kumwona, moyo ulimlipuka. Kwenye dirisha la maabara vitunguu vya wenzake vimeota ndevu nyeupe majini. Vya Mariamu vipara! Mariamu akasema vimechelewa tu. Kuchelewa gani, na mtihani Jumatatu? Mwanaidi mwenyewe alivining'iniza juu ya meko miezi miwili, vikolee moshi visiote. Alijiona mjinga kabisa.

Mwalimu Sefania wa biolojia alimweleza taratibu. Kwenye ncha ya mzizi, seli hujigawa. Kabla ya hapo urithi wote ulio ndani ya kiini hunakiliwa, na ipo protini inayoifanya kazi hiyo. Wataalamu wengine wanasema hukaa nje ya kiini, zamu yake ikifika huingia. Wenzao bado wanabisha. Mwanaidi alielewa jambo moja: vitunguu vyake havijaamka.

Kesho yake aliiacha zamu yake kwenye shamba la kijiji, akarudi shuleni na vitunguu vidogo vya sura mbaya, vimeng'olewa bustanini kwake na udongo wao. Hivi aliona haya kuvileta mwanzo. Mwalimu akakubali vitumike kwenye mtihani, ila wavijaribu kwanza. Mariamu alikata ncha ya mzizi, akaitia dawa na rangi, akachungulia kwenye hadubini muda mrefu. Alipoinua uso alikuwa analia na kucheka.

"Mama, njoo uone. Zinagawanyika."

Mwanaidi akainama. Aliona giza na kope zake mwenyewe.

"Zinapendeza, mwanangu."

Mariamu akaitazama hadubini. Bega la mama lilikuwa limeisukuma, kioo chake cha chini kimegeukia ukutani. Akakirudisha kwenye mwanga, akamshika mama mkono.

"Jana nilikudanganya kwamba vimechelewa tu, nikiogopa kukuumiza. Tazama tena, mama. Kama huoni, niambie."

Mwanaidi akainama tena.

"Sioni."

Mariamu akazungusha kitufe kidogo. Akauliza, akaambiwa bado. Akazungusha tena. Mara Mwanaidi akaishika meza kwa mikono miwili, mapenzi yakamjaa kifuani, jicho halibanduki.

"Mama?"

"Usiguse tena," alisema. "Nazitazama."