Usiruke Kabla Hajagusa

Usiku wa jana niliota fainali yetu ya sekondari ya kuogelea kwa kupokezana kule Moshi bado haijaisha. Nimesimama kwenye kijukwaa cha kurukia, namsubiri mwenzangu wa timu, Aikaruwa, aguse ukuta nipokee zamu ya mwisho.

"Kupokezana kuna sheria moja," kijukwaa kikaniambia. "Miguu yako isiniache kabla mwenzako hajagusa. Ukiniacha, timu nzima imefutwa."

"Naijua."

"Basi tulia. Haraka haraka haina baraka."

Nikakiambia methali hiyo haikutungwa na mwogeleaji.

Aikaruwa hakutokea. Matokeo ya kidato cha sita yakatoka, nikachaguliwa chuo Dar es Salaam, nikaenda na kijukwaa miguuni. Konda alikitoza nauli ya mtu mzima.

Mhadhiri ananiambia nikae. Nasema siwezi, namsubiri mwenzangu. Anauliza yuko wapi. Nasema alibaki nyumbani kumuuguza mama yake na kulisha ng'ombe, na mashine ya kukatia majani ilimla ncha ya kidole cha mwisho, mkono wa kulia. Mhadhiri anaandika ubaoni, "Yuko njiani." Darasa zima linanakili.

Kila mashindano filimbi inalia, wenzangu wanaruka, mimi nimesimama. Kocha wa chuo, Bi Mwanahawa, ananifunika taulo.

"Mwanangu, mtu huogelea na waliopo."

"Sheria ni sheria, Bi."

Lakini si sheria. Naona haya kushinda bila yeye.

Mara tuko kwenye mahafali na ukumbi unajaa maji hadi kwenye majoho. Mgeni rasmi anaendelea na hotuba, mapovu yanamtoka. Aikaruwa anatokea chini ya meza yake, kofia ya kuogelea kichwani, anakuja taratibu kama mtu anayetoka sokoni.

"Umechelewa," namwambia.

"Ng'ombe alikuwa anazaa."

Anagusa ukuta chini ya miguu yangu, anainua uso.

"Ndeshi, mbona bado umesimama? Nenda."

Nikaruka.

Nikaamka sakafuni, hosteli, pua juu ya kiatu. Leo asubuhi ni fainali yangu ya mwisho ya chuo, na nilikuwa nimeamua kutokwenda.

Kwenye ubao wa kitanda, upande wa miguu, kulikuwa na alama ya kiganja cha kulia, bado inachuruzika maji. Kidole cha mwisho kilikuwa kifupi.

Nikachukua miwani yangu ya kuogelea, nikatoka.