Mzee Noah Aingia Jikoni

Rebeccah alipozikwa, mwezi wa pili mwaka wa tisini na sita, watu walikaa na mumewe, Mzee Noah, siku nne. Waliimba, wakala, wakaosha masufuria, wakaenda zao. Siku ya tano aliamka, akavaa koti, akakaa kwenye kiti chake sebuleni kungoja chai. Alingoja mpaka jua likapanda juu ya mikaratusi. Hapo ndipo alipotambua kwamba hakuna mtu wa kuileta.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Alikuwa amefanya kazi ya kupima majani chai kituoni kwa miaka ishirini na moja, na sasa alikuwa mkulima tu, mwenye ekari mbili na nusu za chai kwenye mteremko unaotazama barabara ya Kapkatet. Watoto wake wa kiume wawili walikuwa mbali, mmoja Eldoret, mmoja Mombasa. Kitinda mimba wake, Joan, alikuwa mwalimu Nakuru. Jiko lake lilikuwa chumba cha udongo nyuma ya nyumba, na katika miaka thelathini na minane ya ndoa alikuwa ameingia humo mara tatu: mara mbili kuua nyoka, mara moja kutengeneza paa. Kwa Wakipsigis wa rika lake, mwanamume aliyefunua sufuria alikuwa amejivua heshima mwenyewe.

Jirani yake, Jerusa, aliyekuwa akiwaletea chai na chakula Rebeccah alipokuwa mgonjwa, alimwonea huruma. Kila jioni alimpelekea ugali mkubwa, nyama ya mafuta, na thermos ya chai iliyojaa sukari. Mzee Noah alikula akiwa peke yake, redio ikizungumza. Alinenepa, lakini hakupata nguvu. Alikunywa maji mtungi mzima na bado kiu haikwisha. Mwezi wa tano alianguka katikati ya chai yake mwenyewe, na wachumaji wakambeba mpaka barabarani, akapelekwa hospitali ya Kericho.

Ilikuwa ni ugonjwa wa sukari. Mama wa lishe pale hospitalini, jina lake Phelis, alimchorea sahani kwenye karatasi. Nusu ya sahani mboga, robo ndengu au maharagwe, robo iliyobaki kipande cha ugali au viazi vitamu. Mafuta kijiko kimoja. Chai bila sukari.

“Na nani atanipikia haya yote?” Mzee Noah aliuliza.

Phelis alimtazama. “Mzee, mikono yako iko na shida gani?”

Alikasirika njia nzima ya kurudi nyumbani. Hata hivyo alimwambia Jerusa asilete chakula tena, akatoa jiko la makaa kutoka kule nyuma, akaliweka barazani. Hakuingia jikoni. Alichemsha sukuma wiki kwa maji matupu, akala akiwa amesimama, jinsi mtu anavyokunywa dawa. Alifanya hivyo wiki sita. Suruali zikaanza kumvuka, na shemasi Mosoti wa kanisa lao akauliza watu kama mzee ameacha kutaka kuishi.

Rebeccah alikuwa ameacha kipande cha shamba la viazi vitamu nyuma ya zizi, na viazi hivyo vilizidi kuzaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzee Noah hakuweza kuvimaliza. Jumamosi moja alijaza gunia dogo, akaenda nalo sokoni Kericho, akaketi kati ya akina mama, akitazama chini.

Mwanamume mmoja mrefu, mwenye mvi na kofia ya sufu, alichutama mbele yake akaanza kuchagua. Aliviacha vile vikubwa. Alichukua vyembamba tu, akivikwaruza kidogo kwa kucha kuona rangi ya ndani.

“Vikubwa ndivyo vizuri,” Mzee Noah alisema.

“Kwa mtu mwenye afya, ndiyo. Mimi napikia mgonjwa wa sukari. Kila mlo kimoja kidogo, na ganda lake.”

Mzee Noah aliinua uso. “Mgonjwa wa sukari anapikiwa nini kingine?”

Yule mtu alicheka. Jina lake lilikuwa Opondo, Mjaluo kutoka Nyakach. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpishi wa mama mmoja Mhindi pale mjini, Mama Savita, mjane aliyekuwa na duka la vitambaa. “Huyo mama ana sukari miaka kumi na nne,” alisema. “Na anakula chakula kitamu kukushinda wewe. Wewe unakula nini?”

“Sukuma. Ya maji.”

“Na nini?”

“Na maji.”

Opondo hakucheka tena. Alimtazama mkononi, mahali saa ilipokuwa imelegea, akauliza nyumba yake iko wapi.

Jumapili iliyofuata alasiri alifika, mfuko wa karatasi kwapani. Alikuta jiko barazani, akalitazama, kisha akatazama chumba cha nyuma.

“Jikoni si kule?”

“Kule ni kwa mama watoto.”

“Mama watoto yuko wapi?”

Mzee Noah alionyesha kwa kidevu kaburi lililo karibu na ua, ambalo udongo wake ulikuwa bado haujaota nyasi.

“Pole sana, mzee mwenzangu,” Opondo alisema. “Lakini hapa kwenye upepo mbegu nilizoleta hazitapasuka kwenye mafuta. Twende ndani.”

Opondo akatangulia, Mzee Noah akamfuata. Masizi yalikuwa yamening'inia kwenye dari kama nyuzi, na kwenye kigingi kulikuwa na leso ya Rebeccah, ile ya kushikia sufuria moto. Mzee Noah alisimama mlangoni muda mrefu. Opondo hakumharakisha. Alikoka moto.

Siku hiyo alimfundisha jambo moja tu. Alikata viazi vipande vidogo bila kumenya. Akatia kijiko kimoja cha mafuta kwenye sufuria, yakapata moto, akatupia mbegu za haradali kidogo. Zilianza kuruka na kulia tat-tat-tat, na Mzee Noah akarudi nyuma. Ikafuata tangawizi iliyopondwa na kitunguu saumu, yakafuata manjano, kisha viazi, kisha maji ya kikombe kimoja na kifuniko. Viazi vilipolainika Opondo akaongeza sukuma iliyokatwa nyembamba, akahesabu pumzi thelathini, akaipua.

“Mboga isife,” alisema. “Nyinyi na sisi, sote tunaiua mboga. Mama Savita alinipiga mkono kwa mwiko nilipokuwa mgeni kwake. Alisema, Opondo, iache na rangi yake.”

Akakamua ndimu juu, akanyunyiza dania. Wakala kwenye sahani mbili, wameketi juu ya vigoda, moshi ukipita katikati yao. Mzee Noah alikula yote. Halafu machozi yakamtoka, akasema ni moshi.

Tangu siku hiyo Opondo alikuja karibu kila Jumapili. Alimfundisha ndengu zilizochemshwa na nyanya na bizari. Alimfundisha kabichi na karoti za kukaanga upesi kwenye moto mkali, zikiwa bado zinalia menoni. Alimfundisha supu ya malenge na tangawizi. Managu, ambayo Mzee Noah alikuwa ameila maisha yake yote na maziwa, Opondo aliitia pilipili na kitunguu saumu, na ilikuwa mboga nyingine kabisa. Walipomaliza, walikaa nje wakinywa chai ya rangi, wakizungumza kidogo. Opondo naye alikuwa mjane. Mtoto wake mmoja tu aliyebaki, Molly, alikuwa ameolewa Kisumu. Katika nyumba ya Mama Savita alilala chumba cha uani, na jioni yeye na yule mama walisikiliza taarifa ya habari, yeye akiwa mlangoni na mama kwenye kochi, bila kusema neno.

“Miaka ishirini na sita,” Opondo alisema siku moja. “Najua anachopenda kuliko wanavyojua watoto wake. Lakini sijawahi kula naye meza moja.”

Maneno yalienea, kama yanavyoenea. Tangu ghasia za kikabila za mwaka wa tisini na mbili watu walikuwa wakitazamana kwa pembe ya jicho, na wengine waliuliza Mjaluo anatafuta nini kwa mzee kila Jumapili. Wengine walicheka tu. Mwishowe shemasi Mosoti akaja, akaketi kwenye ukingo wa kiti.

“Noah, watu wanasema unapika.”

“Napika.”

“Jikoni? Ndani?”

“Ndani.”

“Tungeweza kukutafutia mama wa kukaa na wewe. Mtu mzima, mwenye adabu.”

“Nimtafute mke kwa sababu ya sufuria?” Mzee Noah alisema. “Ngoja, nina ndengu motoni.”

Mosoti hakungoja. Baada ya hapo watu walipunguza kupita kwake. Jerusa alipopita alimsalimia akiwa upande wa pili wa ua. Katika wiki nzima, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, kulikuwa na siku ambazo Mzee Noah hakusikia sauti yake mwenyewe isipokuwa alipomwita ng'ombe.

Mwezi wa kumi na moja Opondo alikuja siku ya Jumatano, akiwa na sanduku la bati. Hakukaa.

“Mama Savita anakwenda Canada,” alisema. “Mwanawe amekuja kumchukua. Duka limeshauzwa. Mimi narudi Nyakach.”

“Lini?”

“Kesho asubuhi.”

Mzee Noah alitazama sanduku. “Utapikia nani huko?”

“Nitapikia kuku.” Opondo alitabasamu, lakini macho yake hayakufuata. Alifungua sanduku: mikebe ya manjano, bizari, haradali, ukwaju uliokaushwa, vyote vilivyobaki katika jiko la yule mama. “Amenipa hivi. Jana alikuja mpaka uani, akasimama mlangoni kwangu, akasema asante Opondo. Kisha akasimama tu. Nadhani alitaka kusema kitu kingine.”

“Chukua wewe.”

“Nyumbani kwangu sina hata meza. Kaa navyo.”

Walishikana mikono muda mrefu, kama wazee wasiojua kukumbatiana. Mzee Noah alimsindikiza mpaka kwenye kona ya barabara, akarudi, akapika viazi na sukuma kwa watu wawili, maana hakuwa amejifunza kupima kwa mmoja.

Krismasi Joan alikuja na watoto wake wawili. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu mazishi. Alibeba unga, mchele, nyama, kila kitu, akidhani atakuta nyumba ya mjane asiye na jiko. Alikuta moshi unatoka kwenye chumba cha nyuma. Alisukuma mlango akamkuta baba yake, leso ya mama yake mkononi, akitikisa sufuria.

“Karibu, mama,” Mzee Noah alisema. “Kaeni mbali kidogo. Mbegu zinaruka.”

Watoto walifurahi. Walihesabu mbegu zikipasuka, wakamwita Kugo mpishi, yaani babu mpishi. Chakula kilipoandaliwa mezani, viazi vya manjano, ndengu, kabichi yenye karoti, wao walikula na kuongeza. Joan alionja kijiko kimoja. Akaweka kijiko chini.

“Ni tamu,” alisema. “Baba, ni tamu sana.”

“Ongeza basi.”

“Mama alilala kwenye kitanda kile miezi saba.” Hakuinua sauti, kwa ajili ya watoto. “Kila Ijumaa nilifunga darasa nikaja kutoka Nakuru kumpikia uji. Nilikukuta hapo nje na redio. Kila Ijumaa. Hukumchemshia hata maji.”

“Sikujua kupika, Joan.”

“Hukuuliza.”

Mzee Noah alitazama mikono yake, iliyokuwa na rangi ya manjano kwenye kucha. Alikuwa na majibu ya zamani, ya mila na heshima, na alijua yote hayafai.

“Ni kweli,” alisema. “Sikuuliza.” Kisha, kwa sababu hakuwa amemwambia mtu yeyote, alimwambia yeye. “Kuna siku alikuwa akiniita. Alitaka kitu cha moto. Nilikwenda kumwita Jerusa. Kwenda ni dakika kumi, na kurudi kumi. Mara nyingine tuliporudi alikuwa ameshalala bila kitu. Jikoni kulikuwa hatua ishirini.”

Joan alisimama akatoka nje. Alikaa huko mpaka sahani zikapoa. Mzee Noah hakumfuata; hakudhani ana haki ya kumfuata. Aliwaongezea watoto ndengu, akawafuta midomo.

Asubuhi aliamka akamkuta binti yake jikoni, amekoka moto, anakata vitunguu. Hakusema amemsamehe. Aliuliza tu, akiwa amempa mgongo, “Manjano unatia kabla ya viazi au baada?”

“Kabla. Yaive kidogo kwenye mafuta.”

Wakapika bila kuongea mengi. Siku ya tatu waliondoka, na nyumba ikarudi kuwa kubwa.

Pasaka Joan hakuja. Mwezi wa tano ilifika barua kutoka Nakuru, ukurasa mmoja. Watoto ni wazima. Shule ina matatizo ya maji. Mwishoni aliandika kwamba amejaribu ile supu ya malenge aliyomwonyesha Krismasi na ikawa nyepesi mno. Je, Baba hutia maji kiasi gani?

Mzee Noah alivaa miwani, akaketi mezani, akaandika tangu asubuhi mpaka mchana. Alieleza maji, vikombe viwili tu. Alieleza tangawizi, jinsi ya kuiponda bila kuipoteza. Alieleza na mambo ambayo hakuulizwa: kwamba mvua imekawia, kwamba majani yanatoka kidogo, kwamba sukari yake imeshuka, kwamba ng'ombe mweupe amezaa. Karatasi zilifika tatu, mbele na nyuma. Alipomaliza alizikunja, akavaa koti, akaenda posta ya Kericho kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu, ingawa angeweza kungoja siku ya soko. Hakuwa na jambo lingine la kufanya siku hiyo, na hakutaka barua ilale ndani ya nyumba.