Kicheko cha Kinyozi

Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto mahututi alikuwa akiyeyusha mfuko wa plazma kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akiugeuza taratibu kama anayeogesha mtoto mchanga, mgonjwa wa kitanda cha tatu alipocheka. Kilikuwa kicheko cha mwanamke mzima: kilianzia tumboni, kikapanda kwa vishindo, kikaishia kwenye kikohozi kidogo. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mvulana wa miaka minne mwenye mrija wa kupumulia kooni. Muuguzi alikagua mrija, akaukuta mahali pake, akarudi kwenye beseni.

Kila mtu pale alikijua kicheko hicho. Kilikuwa cha Kinyozi, mwanamke mwenye kibanda cha kunyolea kando ya geti la hospitali, ambaye alikuwa akitoa damu tangu ujana wake. Kundi lake lilikuwa AB, na plazma ya kundi hilo, yaani yale maji ya manjano yanayosaidia damu kuganda, haichagui mtu. Ndiyo maana friza la wodi lilipenda mifuko yake. Mtoto aliyewekewa alicheka kicheko chake siku mbili tatu, kisha kikamwisha kama mafua.

Kinyozi alijivunia jambo hilo bila haya. Sauti ikitoka dirisha la wodi, alizima mashine katikati ya kichwa cha mteja na kutangaza, "Huyo wangu." Kisha naye alicheka, na wateja walikwisha kujifunza kufunika masikio mapema, maana alipocheka mkono wake nao ulicheka. Ukimwambia anajisifu, alikujibu kwamba mcheza kwao hutunzwa.

Halafu bintiye, mtoto wake wa pekee, akalazwa kitanda cha sita. Ini lilikuwa limechoka. Daktari mkuu alimweleza mama mtu waziwazi: ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu, na likilegea mtoto anaweza kuanza kuvuja wakati wowote. Siku hiyo plazma ndiyo itakayomshika. Kinyozi alisema hilo halimtishi, kwa kuwa mfuko wa mama wa mtoto utakuwepo.

Sasa, wodi ile ilikuwa na desturi. Watoto wengi mahututi huwa na kipimo cha muda wa damu kuganda kilichopanda kidogo, hata kama hawatoki tone la damu. Daktari mkuu hakupenda kuona namba imepanda. Kabla ya kumtoboa mtoto shingoni kuweka mrija wa dawa, na mara nyingine bila hata kumtoboa, aliagiza plazma ili namba ishuke. Ilikuwa ikishuka kiduchu au isishuke kabisa, naye akaagiza tena. Vitabu vilivyosema plazma ni ya anayevuja, si ya namba, alikuwa amevisoma, na kimoja alikuwa akikifundisha. Lakini katika wodi yake hakuna mtoto aliyewahi kuvuja kwa sababu ya sindano, na hilo alilitaja popote alipopewa nafasi ya kuzungumza. Fahari ya namna hiyo haina dawa.

Siku hiyohiyo ya beseni, mara tu mfuko uliokuwa ukiyeyushwa ulipokwisha kuingia kwa mtoto wa kitanda cha tano, binti wa kitanda cha sita alianza kutoka damu puani, kisha kinywani. Muuguzi mkuu alifungua friza akakuta barafu tupu. Hospitali nyingine iliahidi kuleta mifuko gari likipatikana.

Kinyozi aliitwa, akaja na taulo la mteja begani. Alipoingia, kitanda cha tatu kilicheka. Cha tano kikapokea, na cha kwanza kikamalizia kikohozi. Mashuka ya watoto wote watatu yalikuwa meupe. Bintiye alikuwa kimya, na shuka lake limelowa.

"Hawa wote wangu," Kinyozi alimwambia daktari mkuu. "Nani kati yao alikuwa anatoka damu?"

"Hakuna, mama. Namba zao zilikuwa juu."

"Na sasa hivi?"

Daktari alitazama makaratasi. "Bado ziko juu kidogo."

Kinyozi alinyoosha mkono atolewe damu palepale. Muuguzi mkuu alimweleza kwa upole kwamba damu hupimwa na kutenganishwa kwanza, na kwamba leo haitawahi. Basi akakaa, akabana pua ya mwanawe kwa chachi alivyoelekezwa. Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira hiyo mlikuwa na aibu, kwa sababu kila wale watatu walipocheka alijikuta anatabasamu.

Gari lilifika jioni na mifuko ya watu asiowajua, na damu ikakatika. Kabla ya hapo ilikuwa imevujia kichwani. Mtoto alipozinduka, mkono wake wa kulia haukuzinduka naye. Alicheka kicheko kikavu cha mzee wa kiume, cha mtu aliyezoea kuchekea peke yake. Kinyozi alikisikiliza mpaka mwisho.

"Karibu, mzee," alisema, akamfunika mwanawe vizuri.

Asubuhi moja baadaye, daktari mkuu aliwakusanya wafanyakazi akawaambia kwamba tukio lile limewafunza jambo: friza lijazwe zaidi. Siku hiyo hiyo mtoto wa kitanda cha kwanza, aliyekuwa akiendelea vizuri, aliongezewa mfuko kabla ya chakula cha mchana.

Mvulana wa kitanda cha tatu aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mama yake alimfuata Kinyozi pale kitanda cha sita.

"Dada, nimekuja kukushukuru. Kicheko chako ndicho kilichonirudishia mwanangu."

Kinyozi alijua sivyo. Muuguzi mkuu alikwisha kumnong'oneza kwamba yule angepona hata bila mfuko. Aliutazama mkono wa bintiye uliolala juu ya shuka, vidole vimefumba.

"Kizuri, eh?" aliuliza.

"Kizuri sana, dada."

"Changu hicho," alisema Kinyozi, kichwa juu, akainuka kwenda chumba cha kutolea damu.