Kidole cha Mama Kwenye Rangi Mbichi

Baba wa kwenye turubai alikuwa na kila kitu isipokuwa mdomo. Mara tatu mchoraji alikuwa ameuchora, na mara tatu akaukwangua kwa kisu, likabaki doa la waridi chini ya masharubu. Wenzake walishamshauri ahamie rangi zinazokauka upesi, naye akatia pamba masikioni. Alizipenda rangi za mafuta kupita kiasi: harufu iliyomganda hadi kwenye nywele, ulaini kama wa siagi chini ya brashi, na zaidi ya yote, uvivu wa kukauka. Ukikosea Jumatatu, Alhamisi bado zinakusikiliza.

Lakini leo mama yake alikuwa anakuja kuiona zawadi aliyochorewa, na onyo alishalitoa: baba asipofanana, hatundikwi sebuleni. Asubuhi hiyo mchoraji alikuwa amepiga moyo konde akauchora mdomo mara ya nne.

Mama aliingia akifuatwa na baba, fundi saa mstaafu. Akasimama mbele ya turubai, mikono kiunoni.

"Huyu nani?"

"Si baba, mama?"

"Huyu karani wa benki. Baba yako hajawahi kufumba mdomo hivi, hata akilala."

"Nipo hapa, nasikia," baba alisema.

Mchoraji aliigeukia turubai. Wiki sita za kazi, na mama hamjui mumewe!

"Halafu umemwacha na makombo," mama alisema, akiliona tone la kahawia pembeni mwa mdomo. Na kwa mazoea ya miaka arobaini, akalamba kidole gumba na kumpangusa.

"Mama, mbichi!"

Alikuwa amechelewa kusema. Rangi ilikuwa imeteleza kuelekea shavuni, ikavuta na kivuli cha masharubu. Wote watatu wakainama kutazama. Pembe moja ya mdomo ilikuwa imepanda juu kidogo.

"Ehe," baba alisema, akisogea karibu. "Hapo nilitaka kusema nini?"

"Upuuzi, kama kawaida!" Mama alicheka hata akashika meza. "Ndiye! Ndiye huyu!"

Mchoraji alikuwa ameshanyanyua brashi arekebishe. Akairudisha koponi, furaha imemjaa hadi machozi yakamlenga.

"Atakauka lini?" mama aliuliza.

"Juu juu, wiki mbili tatu. Ndani kabisa, miezi mingi."

Akamnyooshea mama kitambaa chenye mafuta ajifute. Mama alikitazama kidole chake chenye waridi, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakikunja ndani ya kiganja.

"Acha kwanza," alisema.