Farasi Arobaini na Mmoja

Mimi si mtu wa kushindwa kimya kimya. Abdulazizi alilijua hilo kabla hajaleta posa, kwa hiyo asijitie kuonewa. Vibanda vyetu vya gemu vilitazamana pale Mwankoko, changu kikiwa na mashine nyeupe, chake nyeusi, na miaka miwili tulinyang'anyana wateja kwa kelele. Ndivyo tulivyopendana. Zilipobaki wiki tatu kabla ya harusi, wazazi wakasema watu wa nyumba moja hawawezi kugombania wateja barabara moja. Kibanda kimoja kifungwe.

"Kifungwe chenye mashine dhaifu," nikasema.

"Sawa," akajibu. "Ila usije ukalia, Kauthar. Wanja utachuruzika."

Niseme ukweli, sikuwa nagombania mashine. Kile kibanda nilikipata kwa misimu mitatu ya kulima vitunguu, nikakipaka rangi kwa mikono yangu. Ningekifunga, ningevuka barabara kuwa mke wa mwenye kibanda, kazi yangu kufagia na kuwaambia wateja wasubiri. Nilikuwa naogopa sana.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Picha ya gemu si moja, ni picha nyingi zinazofuatana haraka, huitwa fremu. Mashine yangu ilitoa fremu sitini kwa sekunde, mchezo ukateleza. Yake ilitoa thelathini, lakini picha ilikuwa kali zaidi, unaona hadi mshono wa jezi. Yeye alisema mteja hununua kwa macho. Mimi nilimwambia mpira hauchezwi kwa picha ya pasipoti.

Mwamuzi akawa mjomba wangu Ramadhan, aliyekuja kutoka Ikungi kuzungumzia ng'ombe wa harusi. Hajawahi kushika pedi ya gemu maishani. Lakini kila jioni ng'ombe wake wakikimbilia zizini huwahesabu wakipita mlangoni, wala hajawahi kukosa hata ndama. Tukachagua gemu moja yenye kundi la farasi wanaovuka mto kwa kasi. Ambaye mashine yake itamwezesha mjomba kuwahesabu sawasawa ndiye mshindi.

Jumapili mchana kibanda changu kilijaa hadi dirishani. Muuza chipsi wa jirani aliacha karai motoni. Mashine zote mbili zilichomekwa kwenye runinga yangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Farasi wako wapi? Na soda iko wapi?"

Tukaanza na nyeupe. Mjomba aliinama, midomo ikihesabu kwa Kinyaturu. "Arobaini na mmoja," akasema. Tukarudisha, tukasimamisha picha, tukahesabu kwa kidole. Arobaini na mmoja.

Ikaja nyeusi. "Hawa wamenona," mjomba akasema. "Naona hadi nywele za mkia. Lakini mbona wanarukaruka, kama wamefungwa kamba miguuni?" Alipofika thelathini akapotea, akanyanyuka kwa hasira. "Mwenye farasi hawa ataibiwa!"

Kibanda kililipuka kwa shangwe. Abdulazizi aliinamisha kichwa, akaanza kukunja waya wake harakaharaka.

Hapo ndipo nilipopaswa kushangilia. Sikuweza, maana kuna jambo nilikuwa nalijua. Sikukuu ya Idi, nikiwa kwenye kibanda chake, nilifungua mipangilio ya ile gemu nikakuta sehemu ya kuchagua, Ubora au Kasi. Yangu niliiweka Kasi tangu siku ya kwanza. Yake ilikuwa Ubora, kama ilivyokuja, na yeye hakuwahi kuugusa ukurasa ule. Nikaufunga, nikaomba juisi.

Sasa nikamwona ameinama, nikadhani anaficha machozi. Moyo ukaniuma.

"Acha huo waya!" nikafoka, kwa sababu nikiona aibu huwa mkali. Nikachukua pedi, nikabadilisha Ubora kuwa Kasi. "Mjomba, naomba uhesabu tena."

"Mmenifanya mchungaji wa runinga?" Lakini alihesabu. Arobaini na mmoja.

Abdulazizi akanigeukia. "Ulijua?"

"Tangu Idi."

"Na mimi miaka miwili naendesha na breki ya mkono!" Alicheka hadi akakaa juu ya kreti ya soda.

Mimi sikucheka. "Mashine ziko sawa," nikamwambia mbele ya watu wote. "Nilitaka kushinda kwa sababu naogopa. Sitaki kuwa mgeni kwenye kibanda chako."

Akaacha kucheka, akanitazama. "Kibanda gani, Kauthar? Paa langu linavuja tangu masika. Mvua ikinyesha nacheza na mwavuli. Nilikuwa natafuta namna ya kuhamia kwako bila mtaa kunicheka."

"Na huo waya?"

"Nilikuwa naukunja upesi kabla hujabadili mawazo."

Nilimtupia kifuniko cha pedi, kikampata begani. Mjomba akauliza kama ng'ombe bado anahitajika au harusi imevunjika.

"Mlete, mjomba," Abdulazizi akasema. "Ukifika Mwankoko ulizia kibanda cha Kauthar. Mimi utanikuta humo, ni fundi wa zamu."

Jioni ileile alivuka barabara mara sita akihamisha viti vyake. Nilisimama katikati ya kibanda changu nikimwonyesha pa kuviweka, na kila kiti alikiweka palepale niliposema.